PDF moja ukiitengeneza mara mbili haifanani. Hivi ndivyo mafundi wanavyoipima

Chukua programu yoyote inayokutolea risiti au taarifa ya akaunti kwa PDF. Pakua taarifa ya mwezi uliopita. Subiri dakika moja, kisha pakua tena ileile. Zifungue zote mbili kwenye simu. Jina ni lilelile, miamala ni ileile, salio ni lilelile. Kwa macho ni mapacha.

Sasa zipime kwa njia nyingine. Kila faili linaweza kupigiwa hesabu inayotoa alama yake ya kidole, mfuatano wa tarakimu na herufi 64 unaoitwa SHA-256. Kama una Termux kwenye simu ya Android, andika sha256sum, acha nafasi, andika jina la faili. Faili likibadilika hata baiti moja, alama yote inakuwa nyingine. Na mara nyingi hicho ndicho utakachokuta: mapacha wako wana alama mbili zisizofanana kabisa. Isipokuwa mfumo huo umehifadhi faili la kwanza na kukupa hilohilo badala ya kulitengeneza upya.

Utauliza, inanihusu nini? Kama salio ni sahihi, baiti zibadilike zinavyotaka.

Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka siku simu zilipoanza kulia.

Mstari wa salio uliopotea

Nilikuwa nimekitengenezea kikundi kimoja cha kuweka na kukopa programu ndogo. Kila mwisho wa mwezi inasoma daftari la michango na kutoa taarifa ya ukurasa mmoja kwa kila mwanachama, kisha mweka hazina anazituma WhatsApp. Ilienda vizuri kwa miezi kadhaa. Siku moja nikasasisha maktaba inayochora PDF, kwa sababu ndiyo desturi yetu, toleo jipya likitoka unasasisha. Nikafungua taarifa mbili tatu, nikaona ziko sawa, nikalala.

Kumbe toleo jipya lilikuwa limebadilisha kidogo upana wa herufi. Kidogo sana. Lakini kwa wanachama wenye majina marefu, jina lilivunjika likawa mistari miwili, jedwali likasukumwa chini, na mstari wa mwisho ukarukia ukurasa wa pili. Mstari wa mwisho ndio wenye salio. Watu wengi wakifungua PDF kwenye simu hawatelezeshi hadi ukurasa wa pili kama hawajui kwamba upo. Mama mmoja aliamini akiba yake imefutwa. Mweka hazina alishinda siku nzima akijibu simu, na kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

Usiku ule nilifanya nilichopaswa kufanya mapema. Nikatengeneza taarifa zote kwa toleo la zamani, nikazitengeneza tena kwa toleo jipya, nikaiambia kompyuta inionyeshe zilizobadilika. Jibu: zote. Hata za wanachama wenye majina mafupi ambazo kwa macho hazikuwa na tofauti yoyote. Nikajaribu kutumia toleo la zamani peke yake, mara mbili mfululizo, bila kugusa kitu. Bado zote zikaonekana zimebadilika.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo. Kama programu haiwezi kutoa kitu kilekile kutoka kwenye data ileile, basi huna kipimo. Mabadiliko ya maana, kama salio kuhama ukurasa, yanazama kwenye mabadiliko yasiyo na maana. Ni sawa na kupima unga kwa mizani ambayo sindano yake haitulii.

Nani anabadilisha faili?

Mtuhumiwa wa kwanza ni saa. Ndani ya PDF nyingi kuna sehemu isiyoonekana kwenye ukurasa, yenye tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kubadilishwa, hadi sekunde. Ukitengeneza faili saa nne kamili na jingine sekunde moja baadaye, tayari yanatofautiana.

Halafu kuna kitambulisho cha faili, ambacho huandikwa karibu na mwisho wa PDF. Kanuni za PDF zinapendekeza kitambulisho hicho kitokane na mchanganyiko wa mambo kama saa ya sasa, mahali faili lilipohifadhiwa na ukubwa wake. Kwa hiyo hata ukizuia tarehe, kuhamisha kazi kutoka folda moja kwenda nyingine kunaweza kutosha kukibadilisha.

Fonti nazo zina mambo yao. PDF haibebi fonti nzima kila mara, hubeba vipande vya herufi zilizotumika tu, na jina la kipande hicho huanza na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha. Programu nyingine huzichagua herufi hizo sita kwa bahati nasibu. Kila ukitengeneza hati, fonti ileile inapata jina jipya.

Usidhani Word imepona. Chukua nakala ya faili la docx, badilisha mwisho wa jina liwe zip, kisha lifungue kwa programu ya mafaili. Utaona ni furushi la mafaili madogo madogo. Kitabu cha epub ni vivyo hivyo. Kila kifaili ndani ya furushi kina saa yake, na mpangilio wao ndani ya furushi unaweza kutofautiana kutoka kompyuta moja hadi nyingine ingawa maandishi hayajaguswa.

Kuna mtuhumiwa mwingine anayewatesa hata wazoefu, nao ni mpangilio wa vitu ndani ya programu yenyewe. Lugha ya Python ina kitu kinachoitwa seti, yaani mkusanyiko wa vitu usio na wa kwanza wala wa mwisho. Tangu toleo la 3.3, Python huchanganya kwa makusudi hesabu inayotumika kupanga maneno ndani ya seti, na huichanganya upya kila programu inapowashwa. Sababu ni ya usalama, ili mshambuliaji asiweze kubuni data ya kuidumaza seva. Lakini kama umeandika programu inayochapisha majina moja kwa moja kutoka kwenye seti, leo Asha atatangulia, kesho Juma. Tiba ni neno moja tu: panga kabla ya kuchapisha.

Na hata kupanga kuna mtego. Kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Kiingereza cha Marekani haipangi majina sawasawa na ile isiyo na mipangilio ya lugha yoyote. Moja inachanganya herufi kubwa na ndogo, nyingine inatanguliza kubwa zote. Kwenye kompyuta yako orodha iko sawa, kwenye seva imegeuka.

Mzee aliyeliona mapema

Haya si mambo ya leo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kutengeneza TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu ambayo hadi leo wanahisabati wengi huandikia kazi zao. Alitaka kitabu kitoke vilevile kwenye kompyuta yoyote na mwaka wowote. Shida ilikuwa kwamba kompyuta za wakati ule hazikukubaliana hata kwenye kukadiria desimali.

Suluhisho lake lilikuwa kuachana na desimali pale panapofanyika uamuzi. TeX hugawa pointi moja ya uchapaji vipande 65,536, halafu hupima kila kitu kwa idadi kamili ya vipande hivyo. Kipande kimoja ni kidogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana, kwa hiyo hakuna jicho litakalolalamika. Mstari uvunjwe wapi, ukurasa uishie wapi, yote hayo huamuliwa kwa namba kamili, na namba kamili hazina ubishi.

Kisha akaandika jaribio. Linaitwa trip, na alilichapisha mwaka 1984. Ni faili baya kwa makusudi, limejaa amri ambazo mtu mwenye akili timamu hawezi kuziandika, lengo likiwa kuipitisha programu kwenye kona zake za giza karibu zote. Unaliendesha, halafu unalinganisha matokeo na yale aliyoyatoa yeye. Kama hayalingani, programu yako haina haki ya kuitwa TeX. Ila tofauti chache zinasamehewa, na moja kati ya hizo ni tarehe. Hata Knuth saa ilimshinda.

Kuna kituko kidogo kwenye programu yake asilia ambacho mimi hukipenda. Iliandikwa kwa lugha ya Pascal, ambayo kwa kanuni zake za kawaida haikuwa na njia ya kuiuliza kompyuta sasa ni saa ngapi. Kwa hiyo aliandika tarehe ya kudumu, na kila fundi aje abadilishe kwa ajili ya mashine yake. Tarehe aliyoichagua ni 4 Julai 1776, saa sita mchana, siku ya uhuru wa Marekani. Kwa upande wa majaribio, programu inayoamini daima ni mwaka 1776 ni programu nzuri sana.

Kuisimamisha saa

Wazo hilohilo lilirudi mwaka 2015, safari hii kwa jina refu: SOURCE_DATE_EPOCH. Lilitoka kwa watu wa mradi wa Reproducible Builds, uliokua kutoka ndani ya Debian, mfumo huria wa kompyuta. Wao walikuwa wanasaka kitu kikubwa zaidi. Walitaka mtu yeyote akichukua msimbo uleule wa programu na kuutengeneza kwenye kompyuta yake apate baiti zilezile, ili aweze kuthibitisha kwamba hakuna aliyepenyeza kitu njiani. Kila walipogeuka walikuta mihuri ya tarehe, na sehemu kubwa ya mihuri hiyo ilikuwa ndani ya vitabu vya maelezo vinavyotengenezwa pamoja na programu.

Walichopendekeza ni rahisi. Badala ya programu kuuliza saa ya ukutani, iangalie kwanza kama imepewa namba iitwayo SOURCE_DATE_EPOCH. Namba hiyo ni idadi ya sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, UTC. Ikiwepo, hiyo ndiyo saa. Ukiipa 1719786600 leo, kesho au mwaka kesho, programu itaamini ni wakati uleule.

Programu ya pdfTeX, mmoja wa watoto wa TeX, iliikubali namba hiyo kuanzia mkusanyiko wa TeX Live wa 2016. Ila angalia, kwa kawaida inabadilisha tarehe zilizofichwa ndani ya faili tu. Kama umeandika amri ya kuchapisha tarehe ya leo kwenye ukurasa, unahitaji kuongeza FORCE_SOURCE_DATE=1. Nimewahi kupoteza saa mbili kwa kutolijua hilo.

Kama chombo chako hakiijui namba hiyo, soma maelezo yake. Mara nyingi kuna mahali pa kuiwekea tarehe na kitambulisho kwa mkono. Pasipokuwepo, tengeneza faili kisha uzifute sehemu hizo kabla ya kulinganisha. Si njia ya kupendeza lakini inafanya kazi.

Saa saba na nusu usiku

Nimeichagua namba ile ya 1719786600 kwa sababu. Kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam ni 1 Julai 2024, saa saba na nusu usiku. Kwa UTC bado ni 30 Juni, saa nne na nusu usiku. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa zimewekwa UTC, na fundi akisahau kueleza ukanda wa saa, ankara iliyotengenezwa wakati huo itaandikwa tarehe ya jana.

Kwa siku nyingi za mwaka hilo ni la kuchekesha tu. Lakini nchini Kenya na Tanzania mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Ankara yenye tarehe 30 Juni iko mwaka uliopita, yenye 1 Julai iko mwaka mpya. Sasa mwambie mhasibu kwamba seva ilikuwa inaishi kwa saa nyingine.

Kosa hili huwezi kulikamata ukijaribu programu yako saa tano asubuhi, kwa sababu asubuhi tarehe zote mbili zinakubaliana. Linaonekana ndani ya saa tatu tu, kati ya saa sita usiku na saa tisa. Ukiweza kuisimamisha saa, hulazimiki kukesha. Unaipa programu namba ile, unatazama ukurasa, basi.

Kupima kwenyewe

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Unaandaa data ya mfano, unatengeneza hati, unazisoma kwa macho yako mara moja kwa makini, kisha unazihifadhi kama nakala rejea. Kila ukigusa programu unazitengeneza upya na kulinganisha alama za vidole. Zikilingana, endelea na maisha. Zisipolingana, unauliza kwa nini.

Kujibu hilo "kwa nini" kunataka chombo. Ukilinganisha PDF mbili baiti kwa baiti utaambiwa zinatofautiana mahali fulani, na hilo halikusaidii kitu. Watu wa Debian walitengeneza diffoscope, inayofungua faili tabaka kwa tabaka, ikikuta furushi ndani ya furushi inaingia, hadi ikuonyeshe ni tarehe, ni fonti au ni neno. Njia nyepesi ni kuitoa maandishi kila PDF kwa pdftotext na kulinganisha maandishi hayo. Lakini salio langu lililohama ukurasa lilikuwa bado lipo kwenye maandishi! Ndiyo maana ninageuza pia kila ukurasa kuwa picha na kulinganisha picha. Cha kwanza kabisa huwa ninahesabu kurasa. Kipimo cha kijinga kuliko vyote, na ndicho kingeniokoa.

Kama hati zako zinafungwa kwa neno la siri au kusainiwa kidijitali, pima kabla ya kufunga. Usimbaji huongeza namba za nasibu kwa makusudi, na saini inaweza kubeba saa yake. Huko tofauti ni sehemu ya kazi, usipigane nayo.

Jambo ambalo watu hulikosea zaidi si la kiufundi. Vyombo vya kupima huja na amri ya kusema "matokeo haya mapya ndiyo sahihi sasa". Kile cha mradi wa LaTeX, l3build, kina amri ya kukagua na amri ya kuhifadhi, na zote ni fupi. Ijumaa jioni, majaribio 40 yamekataa, unataka kwenda nyumbani. Unahifadhi yote. Umeshabariki kosa, na kuanzia hapo jaribio lako linalilinda kosa hilo lisirekebishwe. Bora kuwa na nakala rejea 10 unazozisoma kweli kuliko 500 unazozipitisha kwa kidole.

Na tusidanganyane, hati inayotoka vilevile kila mara si lazima iwe sahihi. Jumla iliyokosewa itatoka imekosewa kwa uaminifu mkubwa. Mtu lazima aipige hesabu ile kwa mkono mara ya kwanza.

Data ya mfano nayo ichaguliwe kwa ubaya, kama alivyofanya Knuth. Weka jina refu kuliko yote unayoyajua. Weka mwanachama asiye na muamala hata mmoja, na mwenye miamala ya kujaza kurasa tatu. Weka salio la sifuri na deni. Na kwa huku kwetu, usisahau majina yenye ng', kile kikoma kidogo cha juu kimewahi kuvuruga mifumo mingi.

Mwezi uliopita nilisasisha tena ile maktaba ya PDF. Nikaisimamisha saa, nikatengeneza taarifa za mfano, nikalinganisha. Tatu tu zilikuwa zimebadilika, idadi ya kurasa ileile, jumla zilezile. Nikazifungua kama picha. Wote watatu walikuwa na ng' kwenye majina, na mahali pa kile kikoma palikuwa na kisanduku cheupe. Nilirekebisha usiku uleule, kabla mweka hazina hajaamka.